Baisikeli Tupu: Tathmini ya Karakana ya Kukodisha Baisikeli Mjini Tabora

Mkazi wa Tabora hahitaji kuelezwa baisikeli ni kitu gani. Kila asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, zinaingia mjini kutoka vijijini zikiwa na magunia ya mkaa yaliyokazwa kwa mipira ya kufungia, madumu ya maziwa, matenga ya kuku, na katika msimu wake maembe yaliyorundikwa hadi kumpita mwendeshaji kimo. Nyingine husukumwa tu, kwa kuwa mzigo umekwisha kuchukua nafasi ya mtu. Kwetu baisikeli ni punda asiyekula majani. Ndiyo maana niliposikia kwamba yupo fundi anayewakodishia watu baisikeli kwa ajili ya matembezi tu, bila mzigo na bila safari ya lazima, nilidhani ni mzaha, na ulipita karibu mwaka mzima kabla sijakwenda kujionea mwenyewe.

Sasa nimekodi kwake mara saba, nyingi zikiwa Jumamosi, tangu mwanzo wa kiangazi hadi mvua za kwanza. Mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka arobaini na sita, sina mazoea ya michezo, na kabla ya hapo mapumziko yangu ya mwisho wa wiki yalikuwa kukaa barazani nikicheza bao na jirani ambaye hunishinda kila mara. Naandika kwa ajili ya watu wa aina yangu. Kijana anayetafuta mashindano ya mbio za baisikeli hatapata lolote hapa.

Karakana yenyewe haina bango. Ipo chini ya mwembe mkubwa, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli, na atakayemuuliza dereva wa bodaboda "kwa fundi wa baisikeli za kutembelea" ataonyeshwa bila shida. Kuna baisikeli kumi na moja, kila moja ikiwa na namba iliyopakwa kwa rangi nyeupe kwenye madigadi ya nyuma, benchi moja la mbao la kusubiria, na karai la maji ambalo kazi yake nitaieleza baadaye. Bei ni shilingi 1,000 kwa saa au shilingi 6,000 kwa siku nzima, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Jina lako na namba ya simu huandikwa katika daftari la jalada gumu, na kitambulisho chako hubaki kwenye boksi la chuma mpaka urudi.

Kinachoitofautisha karakana hii na mahali pengine pote nilipowahi kuazima au kukodi baisikeli ni kwamba fundi hakuruhusu kuondoka upesi. Mara ya kwanza jambo hili liliniudhi. Nilikuwa nimefika saa moja na nusu nikitaka kuliwahi jua, nikachagua baisikeli, nikatoa noti zangu, nikashika usukani, na mzee yule, ambaye mikono yake ina grisi ya miaka mingi isiyotoka tena kwa sabuni, akaniambia kwa upole, "Panda kwanza, Mwalimu, nikuone." Nikapanda. Kijana wake akaishika baisikeli kwa nyuma isianguke. Mzee akachuchumaa, akauzungusha pedeli mpaka ukafika chini kabisa, akaniagiza niuweke kisigino juu yake, kisha akautazama mguu wangu kwa muda kama mshonaji anavyoutazama mshono. Goti lilikuwa limekunjika sana. Akalegeza nati ya kiti kwa spana, akakiinua kiasi cha upana wa vidole vitatu, akakaza, akaniagiza nijaribu tena. Safari hii mguu ulinyooka kisigino kikiwa kwenye pedeli, na nilipousogeza wayo hadi sehemu yake ya mbele, ambayo ndiyo hukanyagia, goti likabaki na mkunjo mdogo tu. "Sasa hata ukifika Sikonge magoti hayatakulaumu," akasema.

Nilicheka, lakini jioni ile nilielewa. Watu wengi wa hapa, nami nikiwemo, tumejifunzia baisikeli za baba zetu zilizokuwa kubwa kuliko sisi, tukipitisha mguu chini ya chuma cha juu cha fremu, na tulipokua tukafanya kinyume chake: tukakishusha kiti mpaka chini ili miguu yote miwili iguse ardhi tukisimama. Kiti cha chini kinaondoa hofu ya kuanguka, lakini kinaulazimisha mguu kusukuma ukiwa umekunjwa muda wote, na mzigo wote huo huishia kwenye magoti. Kwa miaka ishirini nilikuwa nikisema kwamba baisikeli inaniumiza magoti. Kumbe tatizo lilikuwa nati moja.

Baada ya kiti hufuata upepo. Fundi huyaminya matairi kwa dole gumba, haulizi umri wako wala uzito wako, anauliza njia tu. Ukimwambia unabaki kwenye lami, kijana anaongeza upepo mpaka tairi linakuwa gumu kama jiwe; ukimwambia unatoka nje ya mji, anaupunguza kidogo ili tairi litandike mchangani badala ya kuzama. Hatimaye hupima breki kwa kuisukuma baisikeli huku akiwa ameibana, na huipiga kengele mara moja, nadhani kwa mazoea tu. Shughuli yote huchukua takriban robo saa. Anayeona robo saa ni nyingi asiende pale.

Kuhusu baisikeli zenyewe, lazima nitoe onyo, kwa kuwa nilikosea mwenyewe. Zipo za aina mbili. Tano ni za gia, mitumba yenye rangi za kuvutia, matairi manene na springi kwenye uma wa mbele. Sita ni zile nyeusi tunazozijua sote, zenye magurudumu makubwa ya inchi 28, kiti kipana cha springi, keria ya chuma nyuma, na breki za vyuma badala ya waya. Mgeni yeyote huzikimbilia za gia, nami nilifanya hivyo. Nilipewa namba mbili, ya rangi ya chungwa. Kabla sijafika mwisho wa lami cheni ilikuwa imeanza kuruka kila nilipokanyaga kwa nguvu, kwa sababu meno ya nyuma yalikuwa yamelika, na kibadilishio cha gia kilikuwa kimeganda. Kwa hiyo nilizunguka siku nzima na gia moja, nikiwa nimebeba uzito wa gia nyingine zote bure. Nilipoeleza malalamiko yangu jioni, fundi hakubisha. Alikiri kwamba vipuri vya baisikeli zile ni shida kuvipata mjini na huwa anavikwangua kutoka kwa baisikeli nyingine zilizokufa. Ilinipasa nimuulize mbona basi anaendelea kuzikodisha kwa bei ileile, na sikuuliza, nauliza hapa.

Tangu siku hiyo nachukua namba nane, nyeusi. Ni nzito, haina gia hata moja, na katika mchanga mwingi tairi lake jembamba huzama mapema kuliko yale manene, ikabidi ushuke na kusukuma. Lakini Tabora haina milima ya kumtisha mtu. Mji upo kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na njia zake nyingi hupanda na kushuka taratibu kiasi kwamba unagundua ulikuwa ukipanda pale tu unapogeuka kurudi. Katika barabara za vumbi zenye matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, lile gurudumu kubwa hupita juu ya mashimo ambayo dogo lingetumbukia, na springi za kiti hufanya kazi yake. Ukikaa wima, unaona juu ya nyasi. Kwa matembezi ya kuangalia dunia sijapanda kitu kizuri zaidi.

Njia ninayoipendekeza kwa anayeanza ni ile ya kwenda Kwihara, kusini magharibi mwa mji, umbali wa kilomita sita hivi. Ukitoka mapema unapita chini ya miembe mikubwa ambayo kila mtoto wa Tabora amesimuliwa kuwa ni urithi wa misafara ya karne ya 19, kisha nyumba zinapungua, mashamba yanaanza, na vumbi linabadilika rangi. Mimi hutumia dakika arobaini, pamoja na kusimama kusalimiana, maana asubuhi huwezi kumpita mtu mzima barabarani bila "mwangaluka" ukaonekana umelelewa. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipokuja huku mwaka 1857 walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, kama kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu kilivyoitwa wakati huo. Nikiwa juu ya namba nane, kiti kikiwa mahali pake, huwa nawahurumia, na zaidi nawahurumia wapagazi wao, ambao ndio waliobeba.

Kwihara kuna tembe alimoishi mmisionari na msafiri David Livingstone mwaka 1872, ambalo lilijengwa upya na kufanywa makumbusho. Yeye na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, walifika hapo mwezi Februari wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki akingojea wapagazi na vifaa hadi tarehe 25 Agosti. Miezi mitano ya kusubiri. Ndani utakuta ramani, picha na nakala za barua, na ni kweli kwamba mtu anaweza kuviona vyote kwa nusu saa; lakini nilichokipenda mimi ni ukuta mnene wa udongo na baridi yake. Ukitoka kwenye jua la saa nne, ukaegemeza baisikeli kivulini na kuingia mle, unaelewa kwa ngozi yako kwa nini wazee wetu walijenga tembe. Hapo ndipo hufungua kifurushi changu cha matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Kwa gari ungefika kwa dakika chache, ungepiga picha, na ungerudi bila njaa wala kiu, na matobolwa yasingekuwa na utamu ule.

Ni katika njia hiyo, mara yangu ya tatu, nilipokutana na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akisukuma baisikeli yenye kuni. Tulisalimiana, akaitazama keria yangu, akanitazama mimi.

"Baba, unakwenda wapi na baisikeli tupu?"

"Natembea tu, mama."

"Unatembea," akarudia, akatafakari kidogo. "Na kurudi utarudi tupu?"

Nikamwambia ndiyo. Hakucheka, wala hakushangaa kwa sauti. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna nchi ambako watu hulipa ili wachoke, kisha akaendelea na safari yake. Nililipa, nami nilikuwa nimechoka, kwa hiyo sikuwa na la kujitetea. Siku iliyofuata ya kukodi nilinunua asali njiani, chupa mbili, ili walau keria isirudi bure. Naona haya kukiri kwamba nilikuwa nikitazama kama nitamwona tena.

Sasa niyaseme yanayokera, maana yapo. La kwanza ni kifuko cha dharura. Kila baisikeli hutoka na kifuko kidogo kilichofungwa chini ya kiti, chenye viraka, gundi ya kuzibia pancha, kipande cha msasa na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Wazo ni zuri mno, kwa sababu miiba ya mikakaya haina huruma na mafundi wa kando ya njia huisha unapouacha mji. Lakini Jumamosi ya nne nilipata pancha mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala kivuli, nikafungua kifuko, na kile kibomba cha gundi kilikuwa kimekauka na kuwa kigumu kama kokwa. Pampu nayo haimo kwenye kifuko. Fundi anayo moja tu ya karakana na haitoki. Hata kama gundi ingekuwa nzima, ningejaza upepo kwa nini? Nilisukuma baisikeli kwa saa nzima na ushei. Niliporudi mzee aliniomba radhi mara mbili, akakataa kupokea malipo ya siku ile, na kijana akaiziba pancha mbele yangu.

Huo uzibaji niliutazama kwa makini, kwa kuwa nilikuwa nimekaa sina la kufanya zaidi ya kupoza nyayo. Kijana alibandua tairi upande mmoja, akautoa mpira wa ndani, akaujaza upepo na kuuzamisha ndani ya lile karai la maji kipande kwa kipande, akiugeuza polepole hadi vipovu vidogo vikatoka kwa mstari, kimoja nyuma ya kingine. Akaweka kidole. Akaukausha kwa kitambaa, akausugua kwa msasa mpaka ukapoteza mng'ao, akapaka gundi, na hapo ndipo aliponifundisha nisilolijua: hakubandika kiraka mara moja. Aliipepea gundi mpaka ikaacha kung'aa, ndipo akabandika na kuugongagonga kwa mpini wa spana. "Ukibandika mbichi, shikamoo pancha nyingine," alisema. Kisha, kabla ya kurudisha mpira, alipitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote akiutafuta mwiba, akaupata bado umekaa palepale ukingoja. Tangu hapo hubeba pampu yangu mwenyewe na kibomba kipya cha gundi, na nawashauri wengine wafanye hivyo, ingawa si haki mteja kubeba vifaa ambavyo amevilipia.

La pili ni saa. Ukikodi kwa saa, hesabu huanza wakati jina lako linapoandikwa daftarini, na jina huandikwa kabla ya ile robo saa ya kupimwa. Kwa maneno mengine, unailipia robo saa ya kiti na upepo. Kiasi chenyewe ni kidogo, lakini jambo la shilingi 250 linaweza kumkasirisha mtu kuliko la shilingi 2,500. Kodi ya siku nzima inaondoa ubishi huu, na kwa yeyote anayekwenda nje ya mji ndiyo yenye maana.

Kofia za kujikinga hazipo, hata moja, na sikuona dalili kwamba zitakuja. Baisikeli za watoto ni moja, na siku zote imekwisha kukodiwa. Kwa wanawake wanaovaa kitenge au gauni kuna mbili zenye fremu iliyoshuka, na mke wangu, ambaye alikuja nami mara mbili, anasema namba kumi ndiyo bora na namba sita inavuta kushoto. Mimi sikuijaribu, ila nimeishi naye miaka kumi na tisa na kwa mambo ya kuvuta kushoto namwamini.

Kuna jambo la majira pia. Kuanzia Mei hadi Oktoba njia ni kavu na kodi hii ina faida kubwa, hasa kuelekea mwisho wake, miyombo inapochipua majani mapya mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka, na msitu mzima unaonekana kana kwamba umekosea majira. Oktoba jua lake ni kali. Toka alfajiri na urudi kabla ya saa tano. Lakini mvua zikianza, ziogope zile breki za vyuma. Rimu za chuma zikilowa, vipande vya mpira huteleza juu yake, na baisikeli nzito inaendelea kwenda kwa muda baada ya wewe kuamua kusimama. Nilijifunza hilo karibu na kundi la mbuzi, na mbuzi walikuwa wepesi kuliko mimi. Fundi mwenyewe hukataa kukodisha zile nyeusi kwa safari za mbali mawingu yakiwa mazito, hata mteja akiwa na fedha mkononi, nami nimemwona akimrudisha kijana mmoja aliyekuwa na hasira nyingi.

Wapo wanaokwenda kwa baisikeli hizi hadi Bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji, wakiwa na mishipi ya kuvulia na chakula cha mchana. Mimi sijafika huko kwa njia hiyo. Magoti yamepona, ila sina haraka nayo.

Kwa jumla ya mambo naipa karakana hii alama nane kati ya kumi, na mbili nilizokata zote ni za kifuko na za namba mbili. Juzi nilipita nikitoka kazini kuweka nafasi. Mzee alifungua daftari, akaandika "Mwalimu, 8, Jumamosi," na pembeni, bila mimi kumwambia, akaongeza alama ya vidole vitatu, kipimo cha kiti changu. Nilimuuliza kuhusu pampu. Akasema ameagiza nne kutoka Mwanza, na kijana aliyekuwa akikaza spoku nyuma yake akainua kichwa na kusema, "Mbili, mzee."